Vikombe Anavyoosha Buga Ni vya Nani

Mbinga mjini
Jumapili, 19 Januari 2025

Mama yangu Notburga,

Shikamoo. Sasa hivi tu mjukuu wako Buga amemwaga uji. Kikombe kizima, juu ya mkeka. Nilifungua mdomo nimkaripie, akaninyooshea kiganja kama trafiki wa pale stendi: "Mama, ngoja." Akaenda kuchukua kitambaa, akafuta kuanzia pembeni kuja katikati, akakikamua nje, akakianika. Halafu ndiyo akanitazama. "Haya, sema." Mimi nilikuwa nimeshasahau nilichotaka kusema. Miaka mitatu na nusu, Mama!

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima. Mwanao Jastini yuko Kitai, anaziba matairi ya malori ya makaa ya mawe, anarudi kila Jumamosi mweusi mpaka kope. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako inakaa kwa Baba Mkubwa Cuthbert, na yeye akipokea huweka sauti ya nje, kijiji kizima kinajua tumekula nini. Hii nampa kondakta. Najua atakusomea Katekista Egidi. Shikamoo, Katekista.

Neno lenyewe ni la shule. Desturi ya nyumba yenu naijua: mjukuu wa kwanza akishaweza kujivalisha, anakwenda kukaa kwa bibi yake mpaka aanze darasa la kwanza, na huyu amebeba hadi jina lako. Sijasahau. Ila nilikuwa nafikiri, nasema nafikiri tu, aanze kwanza chekechea hapa.

Nimezunguka shule mbili. Ya kwanza ni inglishi midiamu, ukutani wamechora sungura aliyevaa suruali. Mwalimu alimwambia Buga ahesabu moja mpaka kumi kwa Kiingereza. Buga akawa anamwangalia viatu. Mwalimu akaandika kwenye karatasi: mzito. Dakika mbili tu, mtoto wangu ameshakuwa mzito! Ndani watoto sitini wanaimba herufi kwa kupiga kelele, na fimbo iko mezani pembeni ya chaki.

Ya pili ni ile Montesori ya masista. Mlangoni nilidhani kuna mgonjwa, kwa jinsi palivyotulia. Kila mtoto na mkeka wake na kazi yake. Mmoja anahamisha maharage kwa kijiko, mwingine anapitisha kidole kwenye herufi iliyokatwa kwa msasa. Nikamwuliza Sista Ottilia, "Wamekatazwa kuongea?" Akacheka. "Wana shughuli." Buga hakuulizwa kitu. Alionyeshwa shelfu, fupi, inamfikia kifuani, akaambiwa, "Chagua." Mama, mimi nimefika kidato cha pili na hakuna siku mtu aliniambia chagua.

Jastini hana neno. Naomba baraka zako.

Mkweo,
Valeria, Mama Buga


Mbamba Bay
Jumapili, 2 Februari 2025

Valeria,

Milele amina. Mwandishi ni mimi Egidi, maneno ni ya Mama Notburga. Ameniambia niandike yote, nisilainishe.

Unafikiri! Umeniandikia "nafikiri tu". Shemeji yangu Cuthbert alipita hapo Mbinga Jumanne akitokea Songea. Akauliza habari zenu sokoni, akaambiwa mtoto yuko shule tangu zilipofunguliwa. Shule gani? Akaenda mpaka kwenye uzio. Amemkuta somo yangu, mtoto mwenye jina langu, amevaa aproni, amechuchumaa mbele ya beseni anaosha vikombe. Mwingine anafagia. Mwingine anang'arisha kiatu. Hakuna daftari, hakuna ubao. Amerudi hapa ameshika kichwa. "Shemeji, mtoto wameshamfanya hausigeli."

Kwa hiyo ulipokuwa unaniomba baraka, mtoto alikuwa ameshaanza. Sasa nibariki nini, viatu alivyokwisha kuvaa?

Mimi najua beseni la vyombo linampeleka mtu wapi. Usiniulize nimejuaje. Mtakatifu wa jina letu alikuwa mtumishi wa jikoni, na mimi jina hilo nimelibeba vya kutosha. Somo yangu hatalibeba hivyo.

Tangu mume wangu afariki, kaka yake Cuthbert ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani kwetu. Amesema atamfuata mtoto baada ya Jumatano ya Majivu. Fungasha nguo zake. Huku atakula samaki mbasa, atajua kuogelea, jambo ambalo ninyi watu wa milimani hamliwezi hata mkifungiwa madumu kiunoni. Akitimiza umri ataingia shule ya serikali, apewe daftari kama watu.

Mama mkwe wako,
Notburga (dole gumba lake)

(Salamu nimeongeza mimi. Yeye hakuzisema. Egidi.)


Mbinga mjini
Jumapili, 9 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Nilikudanganya. Buga alianza Jumatatu tarehe kumi na tatu, na barua yangu ni ya tarehe kumi na tisa. Niliogopa. Kwa uongo huo naomba unisamehe. Kwa shule siombi msamaha.

Na lile la Jastini nilikuwa nimelipamba. Nilimwuliza akiwa anakula, akasema, "Wewe ndiye unayeshinda naye." Mimi nikaichukua hiyo kuwa ndiyo. Jana nimemsomea barua yako.

"Mama amekasirika," akasema.

"Nimeona. Wewe unasemaje?"

"Nasema mama asikasirike."

"Na mtoto?"

"Mtoto asome."

"Asome wapi?"

"Hapo mtakapokubaliana." Halafu akaomba chumvi. Huyo ndiye mwanao, Mama, umemlea mwenyewe.

Ni kweli Buga anaosha vikombe. Anafagia, anakunja vitambaa, anamimina maji kutoka jagi hili kwenda jagi lile mpaka mtu unachoka kumtazama. Baba Mkubwa hakusema uongo, ila alichungulia kwenye uzio kwa muda wa kumaliza sigara moja. Sista anasema mkono unaojua kumimina bila kumwaga ndio utakaoshika kalamu bila kuvunja ncha. Mimi siyo mwalimu, siwezi kukuapia. Ninachojua ni mimi. Nilipewa daftari siku ya kwanza, nikajaza herufi a kurasa nne na sikujua ni ya nini. Nimefika kidato cha pili naogopa kunyoosha mkono hata kuomba kwenda chooni. Nilipopata ujauzito wa Buga nikaondoka kimya kimya. Baadaye wakatangaza kwamba wasichana tuliojifungua tunaweza kurudi shule. Mama, sikuthubutu hata kwenda kuuliza naanzia ofisi gani.

Sitaki Buga awe mtu wa kuondoka kimya kimya.

Begi sitafunga. Baba Mkubwa akija atakuta mtoto yuko shule na mimi niko mlangoni. Kama ni kuona, njoo uone wewe mwenyewe, usiazime macho ya mtu.

Nimeandika kwa ukali, lakini sifuti.

Mkweo,
Valeria


Mbamba Bay
Alhamisi, 20 Februari 2025

Valeria, mwanangu,

Hapa ni Egidi. Barua yako ilinikosa, nilikuwa kwenye vigango, makanisa madogo ya kule Kingerikiti. Nilipomsomea Mama Jumatatu, aliinuka akaenda kuanua dagaa ambao hawajakauka. Leo amekuja mwenyewe kwangu na kigoda chake. Yanayofuata ni yake.

Umenisemea ukweli wako kwa ukali, na mimi nakupa wangu. Jastini haujui.

Nilikuwa na miaka tisa. Binamu ya baba alikuwa mwalimu, akaja nyumbani akasema, "Nipeni huyu, nitamsomesha." Mama yangu akanishonea gauni la bluu. Siku ya kwanza mke wa mwalimu akaniambia, "Leo nisaidie vyombo, kesho utakwenda shule." Hiyo kesho sijaiona mpaka leo. Miaka minne nimeosha vikombe vya wanawe, nimepiga pasi sare zao, asubuhi nawafungulia mlango nabaki na beseni. Gauni la bluu liliniruka magotini likafanywa dekio.

Nyumbani walidhani nasoma. Niliporudi, baba alikuwa na wageni, akanipa gazeti niwasomee. Nikalishika. Mgeni mmoja ndiye aliyeligeuza, nilikuwa nimelishika kichwa chini.

Ndiyo maana maneno yangu yote mpaka leo yanapita mkononi mwa mtu mwingine.

(Hapa nikamwuliza, nifute? Akasema, acha.)

Sasa nijibu swali moja tu. Hivyo vikombe anavyoosha somo yangu ni vya nani? Usinijibu kwa maneno ya Sista. Sista atakuwa na maneno mazuri, hata yule mwalimu alikuwa nayo. Nenda ukakae, uone, ndiyo uniandikie.

Notburga (dole gumba lake)


Mbinga mjini
Ijumaa, 28 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama stendi, nikaisoma tena nyumbani nimekaa chini. Sijamwonyesha Jastini. Hilo ni lako kumwambia.

Leo nimekwenda. Sista nimemwambia nataka kukaa tu, sababu sikumpa. Akanipa kiti cha watoto, magoti yakanifika kidevuni.

Sikufichi kitu. Si wote wanaofanya la maana. Mmoja alilala juu ya mkeka wake, hakuna aliyemwamsha. Mwingine alizunguka chumba kizima na kengele mkononi asiilize. Nilijiuliza hawa watajua kusoma lini. Sijui, Mama. Hapo nina matumaini tu, ushahidi sina.

Saa nne wakanywa uji. Kila kikombe kina alama ya mwenyewe imechorwa kwa rangi. Cha Buga kina samaki, alichagua mwenyewe, nadhani ni kwa ajili yako. Akavaa aproni, akamimina maji, nusu yakaenda kwenye beseni na nusu miguuni kwake. Akaosha kikombe chake, akakisuuza, akakifudikiza kwenye kichanja. Nikapumua.

Basi akaja mtoto mmoja, Nicolaus, mnene, mpole, wazazi wake wana duka la mbolea. Akaweka kikombe chake mbele ya Buga. Aliweka tu, kama baba mwenye nyumba aliyeshiba. Na Buga akakichukua.

Mama, nilisimama kwa nguvu, na kile kiti kikanifuata nyuma. Niliona gauni la bluu. Nikasema moyoni, basi, Mama alikuwa anajua, namchukua mwanangu sasa hivi. Sista akanishika mkono. "Subiri kidogo."

Nikamwambia, "Kuna mtu aliambiwa asubiri mpaka kesho, Sista, na hiyo kesho haijafika!" Nilisema kwa sauti. Watoto wote wakageuka. Sista hakuelewa, lakini mkono hakuuachia.

Buga akakigeuza kile kikombe, akaangalia alama. Jembe. Akamrudishia.

"Hiki chako."

"Nioshee."

"Hapana. Mimi nimemaliza. Maji haya hapa."

Akavua aproni akamvalisha mwenzake, akamfunga na kamba nyuma, fundo baya kweli, halafu akaenda zake kuchukua herufi za msasa. Nicolaus akainamia beseni. Akaosha. Alimwaga maji sana, akafuta.

Sista aliponiachia nilikuwa nalia, na sikuona aibu.

Jibu lako ndilo hilo. Anaosha cha kwake, na cha mwenzake anakijua. Mimi nina miaka ishirini na miwili, sijawahi kumwambia mtu hapana akiwa amesimama mbele yangu. Wewe nilikukatalia kwa barua, na barua ni rahisi.

Baba Mkubwa asije. Na akija, hatoki na mtoto.

Mkweo,
Valeria


Mbamba Bay
Ijumaa, 7 Machi 2025

Valeria,

Nimemrudisha Egidi pale pa Nicolaus mara tatu. Mara ya nne akadai sauti imekauka, nikampa maji, akasoma.

Shule yenyewe bado sijaipenda. Mtoto kulala darasani asubuhi ni kitu gani? Ila kile alichomjibu mwenzake nimekipenda. Nasema yeye. Wewe bado una kesi yako ya uongo, tutaikalia.

Jana nimemwita Cuthbert mbele ya wanawe nikamwambia asije huko.

Akasema, "Shemeji, neno la ukoo limeshatoka."

"Limetoka kinywani mwako, lirudi humo humo."

"Wanawake mmeshapatana!"

"Ulitaka tugombane ili upate nini?"

Akaondoka anapunga kofia kama anafukuza nyuki. Amekwenda kuazima gari la mdogo wake wa Kigonsera, ameapa Jumatatu atakuwa Mbinga. Huyu mtu si mbaya, Valeria. Ameshawaambia watu wa jumuiya kwamba analeta mjukuu, sasa anaona aibu kurudi mikono mitupu. Lakini aibu yake asiivishe somo yangu.

Mimi nilitolewa nyumbani kwa neno la mwanaume aliyejua kusema. Mama yangu alikuwepo, alikuwa ananifunga vifungo vya gauni. Hakuna aliyesimama mlangoni. Sasa wewe simama. Akikuuliza kwa ruhusa ya nani, mwambie ya mwenye jina.

Jastini nitamwambia mwenyewe akija, uso kwa uso, bila Egidi.

Mwezi wa sita shule zikifungwa namtaka mtoto hapa wiki mbili, na ziwani ataingia. Hilo si ombi.

Mama yako,
Notburga (dole gumba lake)

(Mimi na Cuthbert tunaimba besi pamoja kwaya ya parokia. Jumapili sijui nitasimama upande gani. Egidi.)


Mbinga mjini
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Muda si mrefu Buga amenigomea viatu. Amevaa mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto, akakataa nisiguse, akatoka na vidole vinatazama nje kama bata. Nikamfuata kwa nyuma. Pale kona ya mashine akakaa chini kwenye tope, akavivua, akavitazama sana, akabadilisha. Hakugeuka kuniangalia. Sare imechafuka na shuleni ameshaingia, nimemwona kwa macho yangu anatundika begi lake, ndiyo nikarudi kukuandikia.

Barua yako imenifikia jana baada ya misa. Jastini alikuwepo, Kitai hurudi jioni. Nikamwambia Baba Mkubwa anakuja kesho.

"Nibaki?" akaniuliza.

"Unataka kubaki?"

Safari hii hakuomba chumvi. "Nataka mtoto abaki," akasema. "Nimpigie simu Baba Mkubwa?"

"Mpigie umwambie msimamo wako. Mengine niachie mimi."

Akatoka nje akapiga. Nilimsikia anasema, "Hapana, Baba Mkubwa. Hapana. Ndiyo, nimesikia. Hapana." Sauti ilikuwa ndogo, lakini hapana zilikuwa tatu, nimezihesabu. Uambiwe, ili siku akija usimwanzie na ukali.

Kwa hiyo mimi niko tayari. Nimefagia uwanja, chai iko kwenye chupa, na viazi vikuu nimechemsha, maana najua anavipenda. Mtu aliyesafiri kutoka ziwani atakula kwanza. Sitaki aseme amefukuzwa na njaa. Nimejaribu maneno yangu mbele ya kuku tangu asubuhi. Mwanzo yalikuwa mengi, nilitaka kumweleza habari za majagi na msasa na mikono na kalamu, nikaona yote hayo atayashinda, yeye ni mtu wa vikao. Nimebakiza machache.

Na kuhusu mwezi wa sita, nakubali. Wiki mbili. Ila na mimi nakuja naye, na mimi nitaingia ziwani, mnifunge hayo madumu mtakavyo, mcheke...

Mama Dafrosa mwenye nyumba ananiita. "Mama Buga we! Toka! Kuna mzee na gari hapa, anauliza mtoto yuko wapi!" Namwona dirishani, anakwangua tope la viatu kwenye ngazi, kofia ameshika mkononi. Magoti nitapiga, shikamoo nitampa, kiti nitamletea. Halafu nikishainuka nitamtazama usoni, nimwambie, Baba Mkubwa, mtoto wangu yuko shule na hatoki, kwa ruhusa ya mwenye jina.